SKULI MOJA, MILANGO MIWILI

Neno amali limekuwa la kila kinywa siku hizi. Hapa Zanzibar limo katika jina lenyewe la Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Huko Tanzania Bara, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili, mmoja wa jumla na mmoja wa amali, na utaratibu huo ulianza kutumika madarasani 2024. Mazungumzo hayo hayakuishia Bara. Yamefika katika baraza zetu za kahawa na katika mikutano ya matawi, na wazee wengi wenye mabinti wanauliza: mwanangu atapelekwa wapi?

Sisi hatuna ugomvi na amali. Gazeti linalosomwa na wachukuzi wa bandarini, maseremala, wapishi, wauguzi na walimu litakuwa limekosa adabu likiidharau kazi ya mikono. Shaka yetu ni juu ya mlango. Skuli inapokuwa na milango miwili, lazima yuko mtu anayesimama nje akiamua mtoto gani aingie huku na gani aingie kule. Twataka kujua mtu huyo ni nani, anatumia kipimo gani, na je, mtoto aliyeingia mlango mmoja anaweza kuvuka ukumbi akatokea upande wa pili? Kwa mtoto wa kiume swali hili ni zito. Kwa mtoto wa kike ni zito mara mbili, maana kwake yeye neno "amali" limezoea kugeuka likawa jiko, sindano na beseni la kufulia.

Jambo hili si geni katika kisiwa hiki. Lilijaribiwa Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, zaidi ya miaka mia na arobaini iliyopita, katika skuli ya wasichana ambayo haikuwa ya Serikali, chini ya mwalimu mkuu mwanamke aliyekuwa na nguvu kubwa za kazi. Magofu yake yangaliko karibu na pwani. Kwa kuwa wengi wetu tunapita njia ya Mbweni bila ya kuuliza yale mawe yalikuwa nini, si vibaya tukasimulia.

Wamishonari wa Kiingereza wa UMCA waliingia Unguja 1864, wakiongozwa na Askofu William Tozer pamoja na Dkt. Edward Steere. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa, wakakabidhiwa na Seyyid Majid. Wasichana walifuata punde. Shamba la Mbweni lilinunuliwa 1871, na katika miaka michache iliyofuata ikajengwa pale skuli ya wasichana iliyoitwa St Mary's. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, lakini biashara haikufa siku ile. Iliendelea kwa siri baharini, na kila manowari zilipokamata jahazi, baadhi ya watoto waliokutwa ndani walipelekwa Mbweni. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na makabila mengine ya bara. Walifika bila wazee, bila lugha moja, na mara nyingi bila majina waliyopewa na mama zao.

Mwanamke tunayemkusudia ni Bibi Caroline Thackeray, jamaa wa yule mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Alifika 1877, akaiongoza skuli ile hata 1902, yaani miaka 25. Hakurudi kwao kupumzika. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki 1926. Wakati ule Wazungu wengi walishindwa na homa za pwani katika mwaka wa kwanza au wa pili, wakarejea Ulaya au wakazikwa hapa hapa. Twataja jambo hili kwa sababu uongozi wa skuli ni pamoja na kukaa. Skuli inayobadilishiwa mwalimu mkuu kila baada ya mwaka haina uongozi, hata kama kila mmoja wao ni hodari. Na wako walimu wakuu wa leo wanaohamishwa kabla ya kuyajua majina ya wanafunzi wao. Hilo ni kosa la waandikao barua za uhamisho, si la walimu.

Sasa tuyatazame masomo. Jambo la kwanza lililofanywa Mbweni, ambalo mpaka leo lingewatoa jasho wakuu wa elimu wa nchi nyingi za Afrika, ni kuwafundisha watoto kwa Kiswahili. Steere alikuwa amekwisha kuandika kitabu chake cha sarufi, kilichotoka 1870, na chapa ya misheni hapa Unguja ilikuwa ikitoa vitabu ambavyo wapanga herufi wake walikuwa vijana waliotoka utumwani. Kwa hiyo msichana wa Kiyao na msichana wa Kimakua, waliokuwa hawasikilizani, walikutana katika lugha ya kisiwa, wakasoma, wakaandika na kufanya hesabu kwa lugha hiyo. Kiingereza kilifundishwa, lakini kama somo, kwa wale waliofika mbali. Hatusemi kwamba misheni ilifanya hivyo kwa kuipenda Afrika tu. Ilikuwa na dini yake ya kueneza, na lugha ilikuwa chombo. Lakini matunda ya chombo hicho hayakuchagua dini, na Kiswahili cha vitabu kilipata wasomaji wanawake mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwetu. Mbweni haikungoja walimu watoke Uingereza. Msichana aliyefaulu alipewa darasa la wadogo akalifundisha huku mwenyewe akiendelea kusoma: asubuhi mwalimu, mchana mwanafunzi. Baadaye alifanywa mwalimu kamili, na wengine walivuka bahari kwenda vituo vya misheni vya Bara, huko Masasi na Usambara, wakafungua madarasa ya wasichana mahali ambapo hapakuwahi kuwa na darasa. Tuyapime maneno haya. Mtoto aliyekuwa bidhaa, aliyekadiriwa kwa meno na kwa urefu, katika muda wa miaka kumi alikuwa ameshika chaki mbele ya watoto wengine. Katika mambo yote yaliyofanywa Mbweni, hili ndilo tunaloliheshimu kuliko yote, na ndilo tunaloliita mageuzi ya masomo. Kubadilisha vitabu ni rahisi kwa mwenye fedha. Kumkabidhi aliyefundishwa kazi ya kufundisha kwahitaji imani.

Lakini skuli ile ilikuwa na milango miwili.

Wasichana walioonekana wepesi wa kitabu waliwekwa upande wa masomo, wakaandaliwa kuwa walimu na wake wa walimu na makasisi waliokuwa wakisomeshwa Kiungani. Walioonekana wazito walipelekwa upande wa kazi. Huko walipika, walifua na kupiga pasi nguo, walishona, walisuka na kulima. Upande wa kwanza ulikuwa na heshima, wa pili ukawa kama adhabu isiyotajwa kwa jina lake. Na kila mmoja aliyeishi pale, mkubwa kwa mdogo, alijua tofauti ya pande hizo.

Tujiulize kipimo chao kilikuwa nini hasa. Mtoto aliyeletwa akiwa na umri wa miaka mitano alijifunza Kiswahili akicheza. Aliyeletwa akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya kutembezwa kutoka Nyasa hadi pwani, akauzwa mara moja au mara mbili, akalazwa chini ya sitaha pamoja na wagonjwa, alikalishwa mbele ya kitabu katika lugha aliyoanza kuisikia majuzi. Ikiwa hakusoma upesi, je, huo ndio uzito wa akili? Twaona kwamba hapo ilipimwa bahati ya mtoto, kisha ikaandikwa kama kwamba ni kipaji chake. Na mtu asicheke akasema hayo ni ya zamani. Mtoto wa Makunduchi anayetembea mwendo mrefu na kufika skuli na njaa, na mtoto wa mjini mwenye mwalimu wa jioni, wanapofanya mtihani mmoja siku moja, sisi hatuoni tofauti kubwa na kipimo kile cha Mbweni.

Twaja kwenye neno "uhuru" wa skuli, ambalo siku hizi linasemwa sana na wenye skuli za binafsi. Mbweni ilikuwa huru kwa maana kwamba haikuomba ruhusa ya masomo kwa Sultani wala, baada ya 1890, kwa wakuu wa Himaya ya Kiingereza. Lakini haikuwa huru na mfuko. Fedha zilitoka kwa waumini wa Uingereza, na wengi wao walitoa kwa ajili ya mtoto fulani, wakitaka habari zake: amekua vipi, amebatizwa lini, anashona vizuri? Basi masomo yalikuwa lazima yampendeze mtu aliyekaa mbali, ambaye hakupata kuiona Unguja. Msichana mtulivu mwenye sindano mkononi alileta mchango. Msichana mwenye maswali mengi pengine hakuleta. Yeyote anayetaka kujua skuli ya binafsi ya leo inafundisha nini, naye aanze kwa kuuliza ada inalipwa na nani, msaada unatoka wapi, na nani aliyekaa katika bodi. Hapo ataielewa ratiba ya masomo upesi zaidi kuliko akiisoma ukutani.

Liko na la uongozi. Katika miaka ile 25, mabinti wa Mbweni walifundisha, walisimamia mabweni, waliuguza wagonjwa na kulea wadogo. Hawakukabidhiwa skuli. Ukuu wa skuli ulibaki kwa Mzungu. Bibi Thackeray aliwaamini kwa chaki, hakuwaamini kwa ufunguo wa ofisi, au pengine waliokuwa juu yake ndio wasiowaamini. Kwa vyovyote matokeo yalikuwa yale yale. Alipostaafu hapakuwa na mmoja kati ya wale aliowalea aliyeandaliwa kukaa katika kiti chake, na katika miaka iliyofuata skuli ilififia hata ikatoweka. Twaona kwamba hapa ndipo pengo kubwa la kazi yake lilipo, kubwa kuliko lile la milango miwili. Kiongozi wa skuli hupimwa siku ya pili baada ya kuondoka kwake.

Serikali ya Himaya yenyewe ilikawia sana. Ni 1927 tu, katika enzi ya Seyyid Khalifa bin Haroub, ilipofungua skuli yake ya kwanza ya wasichana hapa mjini, nayo ilianza kwa jina la Skuli ya Wasichana wa Kiarabu. Jina peke yake linatosha kuonyesha kwamba mlango ulikuwa na bawabu. Hata hivyo tusiwanyime haki yao walimu wa skuli ile. Wazee wa mji waliogopa kwamba binti akienda skuli atapotea. Basi skuli iliweka Kurani na mafunzo ya dini katika saa zake za masomo, ikaheshimu stara, na hofu ikapungua. Hiyo ilikuwa busara ya kweli ya mtaala: kuanza na lile mzazi analolithamini, ili akubali na lile asilolijua. Kisha zikaja hesabu, usafi wa mwili, uleaji wa watoto, upishi na ushoni, na baadaye mafunzo ya ualimu. Wasichana waliotoka pale ndio waliokwenda kufundisha katika skuli za mashamba, Unguja na Pemba, mahali ambapo mwalimu mwanamme asingekubaliwa kumfundisha binti. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli hiyo ilipewa jina la Ben Bella, aliyekuwa Rais wa Aljeria.

Tarehe 23 Septemba 1964 Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo. Kila msomaji wetu anaijua tarehe hiyo, na hatuna haja ya kuirefusha. Neno letu ni moja tu: tangazo lile liliondoa bawabu wa ada na bawabu wa kabila. Halikumwondoa, wala tangazo lolote peke yake halimwondoi, yule bawabu wa tatu aliyekuwa Mbweni, anayemtazama msichana na kusema: wewe wa kitabu, wewe wa jiko. Madarasa yetu leo yamejaa wasichana. Bawabu naye yumo humo humo darasani, na pengine ana karatasi ya ushauri wa masomo mkononi.

Hapa ndipo twataka wanachama na wafanyakazi watusikilize. Njia ya kumwondoa si kuifuta amali, bali ni kuifunga amali na kitabu pamoja hata visiachane. Mifano tunayo nje ya madarasa, pwani na mashamba.

Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, 1989. Wakulima wake, wengi wao wanawake, huteremka baharini maji yanapokupwa, wakafunga vipande vya mwani katika kamba, wakapigwa na jua na chumvi, wakauza kwa kilo kwa bei waliyopangiwa. Mwani huo hutolewa kitu cha kugandishia ambacho hutiwa katika dawa za meno, vyakula na vipodozi ulimwenguni. Iko aina iitwayo cottonii yenye bei nzuri, na iko spinosum yenye bei ndogo. Ile nzuri imekuwa ikifa kwa kuwa maji ya bahari yamezidi joto. Haya yote ni kemia, ni biolojia, ni hesabu na ni siasa ya biashara, na yako umbali wa hatua chache kutoka dirisha la skuli. Dkt. Flower Msuya, mtafiti mwanamke wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko hapa Unguja, alikwenda kwa wakulima hao na elimu yake: wakajaribu kupanda kwa nyavu katika maji ya kina, wakatengeneza sabuni za mwani badala ya kuuza mwani mkavu peke yake. Je, Dkt. Msuya yuko mkondo wa jumla au mkondo wa amali? Swali lenyewe halina maana, na hivyo ndivyo tunavyotaka lisiwe na maana kwa binti wa Paje aliye darasa la saba.

Na huko Kinyasini, kaskazini ya kisiwa, chuo cha Barefoot kimewafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasio na vyeti vya skuli, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanawake ambao kipimo cha Mbweni kingewapeleka moja kwa moja kwenye beseni la kufulia, leo wanapanda mapaa na kuunganisha nyaya, na nyumba za vijijini zinapata taa. Wamejifunza wakiwa watu wazima. Hasira yetu ni kwamba hapana aliyewaonyesha waya walipokuwa na miaka kumi na minne.

Basi twasema wazi tunachotaka. Kila skuli ya sekondari ya wasichana, ya Serikali au ya binafsi, itakayoanzisha masomo ya amali, iwafundishe wote, si wale walioshindwa mtihani. Binti wa mwalimu na binti wa mchuuzi wa samaki washike randa na waya pamoja, kisha wote wawili wakae mbele ya hesabu na Kiingereza. Amali isiwe ushoni na upishi peke yake kwa wasichana huku wavulana wakipewa umeme, useremala na mashine za boti. Anayechagua mkondo akiwa na miaka kumi na minne apewe haki ya kubadili nia akiwa na miaka kumi na sita, na haki hiyo iandikwe, isiachwe katika huruma ya mtu. Na walimu wa amali walipwe sawa na wenzao wa masomo mengine. Tusidanganyane: mzazi huangalia mshahara wa mwalimu kabla ya kuamua kama somo lake lina heshima.

Na juu ya uongozi, kila mwalimu mkuu aliye kitini leo atakiwe kutaja walimu wawili, walau mmoja awe mwanamke, anaowaandaa kushika nafasi yake, na awaachie waendeshe kikao, wasimamie fedha za skuli na wakosee mambo madogo angali yupo. Wako watakaosema kwamba hili litazaa fitina ofisini. Litazaa, kidogo. Fitina hiyo ni nafuu kuliko skuli inayolala siku mwenyewe anapopata uhamisho.

Kamati za skuli zina wajumbe wengi ambao ni wanachama wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi. Muhula hauko mbali. Kabla ya orodha za mikondo kubandikwa ukutani, wajumbe hao waombe kuziona, wahesabu katika upande wa amali ni watoto wangapi wa wakulima na wangapi wa wakubwa, wasichana wangapi wamewekewa ushoni na wangapi umeme, na waulize nani aliyezitia saini. Majibu watakayopewa watuletee. Ukurasa wa barua uko wazi, na tutayachapa jinsi yalivyo.